Mbio za Kutokwenda

Namba yangu wameiandika kwa chaki
kwenye mlango wa kushoto,
rangi imeishia kwenye bango la wadhamini.
Mafinga, Jumamosi ya mwezi wa sita.
Ukungu haujaamka juu ya misonobari,
na uwanja wa kiwanda cha mbao kilichokufa
umefagiliwa, ila kwenye nyufa za zege
vumbi la msumeno wa zamani bado linanukia utomvu.

Siku sita za wiki naendesha Kanta.
Napakia mbao, mbili kwa sita, mbili kwa nne,
napita Nyololo kwa gia ndogo mvua ikinyesha,
nahesabu dizeli kama mama anavyohesabu chumvi.
Tairi kwangu ni ada ya mtoto. Tairi hulindwa,
la mbele hurudi nyuma, la nyuma huja mbele,
kina chake hupimwa kwa ukucha.
Leo nimebeba manne, vipara vitupu,
nimekuja kuyaua mbele za watu.

Kresta niliinunua kwa mwalimu mstaafu,
Mwalimu Kiponza, aliyeitumia kwenda misa tu.
Rozari yake ingali kwenye kioo.
Sikuthubutu kuitoa.

Fundi Nyagawa ameinama dirishani,
mdomo wake unatoa mvuke:
“Klachi iachie kama sufuria iliyokuunguza.
Na sauti usiiogope, Otilia.
Sauti ndiyo kazi yenyewe.”

Bendera ikashuka.
Nikaachia klachi kwa adabu,
kama dereva mwenye leseni na mbao za watu,
na gari
likazima.

Kicheko kile! Kilitoka kwenye magogo,
kikatoka juu ya paa la karakana,
kikatoka kwa Kastori wa Makambako aliyefungua shindano
kwa Cheza nyekundu, mkono mmoja nje ya dirisha.
Mmoja akapaza sauti: “Dada, chakula kinaungua nyumbani!”

Nikawasha tena.
Mguu wa kulia nikaukanyaga mpaka sakafuni,
klachi nikaitupa,
hendibreki nikaivuta kama ng'ombe anayekataa josho,
na nyuma yangu kitu kikaanza kulia
ambacho sijawahi kukisikia kwenye gari wala kwa mtu.

Halafu moshi.
Si wa kuni, si wa mkaa,
mweupe, mzito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana,
ukaingia kwa matundu ya hewa,
ukaingia puani, ukakaa kwenye meno.
Kioo cha mbele kikapotea. Watu wakapotea.
Kikabaki kishale cha spidi, mia na kumi, mia na ishirini,
na pembeni, moshi ulipopasuka kidogo,
yule yule mtoto kwenye gogo lile lile,
ameshika hindi la kuchemsha, hatafuni.

Kwenda mbio si kufika, bibi alikuwa akisema.
Hakujua mjukuu wake
atalipa elfu thelathini
ili asifike.

Nikacheka. Peke yangu mle ndani, nilicheka,
nikakohoa, machozi yakanitoka, nikacheka tena.
Kinaungua, kaka. Kinaungua kweli kweli.

La kushoto lilipasuka kwanza.
Likapiga kama bunduki ya kufukuza nguruwe pori,
nyaya zikachapa bodi, rimu ikauma zege,
cheche.
Kishale cha joto kikafika kwenye nyekundu
na vidole vyangu vikakataa kuachia usukani.
Nyagawa alivifungua kimoja kimoja
kama anayebandua maganda ya tumbiri kwenye mti.

Wa kumi na moja. Tulikuwa kumi na wanne.
Mama aliuliza nimeshinda wapi siku nzima,
nikamwambia sikwenda popote,
akanusa kitambaa changu cha kichwa, akanyamaza.

Jumatatu alfajiri, Kanta imepakiwa,
nimechuchumaa kupima tairi kwa ukucha.
Ukucha wenyewe mweusi.
Na nyumbani, kwenye Kresta iliyo juu ya matofali,
nimesugua rozari kwa petroli mara mbili,
punje tatu zimegoma.